Aliyebebwa Kutoka Mlimani

Turubai la lori la Protus lilipasukia Malaba, katikati ya foleni ya malori iliyolala barabarani tangu asubuhi, na mbingu ilikuwa imeshatia kiza upande wa Tororo. Alikuwa amepakia simiti. Simiti ikinyeshewa hugeuka mawe, na dereva anayefikisha mawe hana kazi. Akaruka chini, suruali yake ya belbotom ikifagia matope, akauliza kila aliyepita ni nani anayejua kushona turubai. Wakamwelekeza nyuma ya duka la Mzee Jamiru, kwa yule mwanamke aliyetoka Uganda.

Alimkuta ameketi juu ya gunia, amevaa gomesi, lile gauni la Kiganda, ya kijani iliyopauka mabegani, shazia ameibana kati ya meno.

"Dada, nisaidie. Mvua inakuja."

"Mvua haiji kwako peke yako," akajibu bila kuinua kichwa. "Nionyeshe lori, kelele uache hapo."

Alipanda mwenyewe juu ya mifuko, akashona huku Protus ameshika ncha ya turubai. Mvua ikawakuta kabla fundo la mwisho halijafungwa. Wakajikuta wote wawili chini ya turubai, wamekunja magoti, vumbi la simiti limewapaka nyuso rangi ya kijivu. Protus akamwambia kwamba anafanana na mzimu. Mwanamke akasema yeye ni mzimu wa kulipwa, tena leo bei imepanda kwa sababu ya mvua. Wakacheka, na kile kicheko kikaendelea kidogo zaidi ya kilivyostahili.

"Jina lako nani?"

"Alaso. Wewe usinitajie lako, umeliandika mlangoni mwa lori kubwa kuliko namba ya gari."

Tangu siku hiyo, mwanzoni mwa mwaka wa sabini na nane, turubai la Protus likawa linapasuka kila safari. Watu wa Malaba si wajinga. Mzee Jamiru, ambaye duka lake ndilo lililokuwa na simu, alianza kumwita Alaso kwa jina la "Bibi Turubai". Protus akiwa Eldoret au Nakuru aliomba simu posta, akasubiri aunganishwe, na Jamiru akamtuma mtu kumwita Alaso huku akinung'unika kwamba hii ni simu ya biashara ya sukari, si ya mapenzi.

"Umekula?" Protus angeuliza.

"Umepiga simu kutoka Nakuru kuniuliza kama nimekula?"

"Nimepiga nisikie ukinigombeza."

"Basi umesikia. Endesha polepole, bwana ssebo. Mimi sishoni watu, nashona turubai."

Lakini Alaso hakumficha jambo. Mapema kabisa, walipokuwa wameketi kwenye benchi la mama mdogo wake Benedetta, aliyemkaribisha alipovuka mpaka, alimweleza kwamba yeye ni mke wa mtu. Mumewe alikuwa mwalimu Tororo, jina lake Ekisa. Askari walimchukua shuleni mchana kweupe, mwaka uliotangulia, chaki ikiwa bado mkononi. Haukuonekana mwili, haikuja habari. Ukoo wake haukuweka matanga, kwa maana nani atamlilia mtu ambaye haijulikani kama amekufa? Alaso alisema haya bila machozi, kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa.

"Alikutesa?" Protus aliuliza, na moyoni alitamani jibu liwe ndiyo.

"Hapana. Alikuwa mtu mwema. Tulikaa pamoja muda mfupi, sikupata hata nafasi ya kumzoea."

Protus alikuwa mtu wa Nambale, mtoto wa mkulima, na alilelewa akijua kwamba mke wa mtu ni sumu. Hata hivyo miezi ikapita, na sumu ikamzoea damuni. Benedetta mwenyewe ndiye aliyesema siku moja kwamba mwaka na nusu ni mwingi, na kwamba kijana akitaka awalete wazee wake baada ya mavuno, wazungumze. Protus alirudi Nambale usiku huo akiimba njia nzima. Kuimba kwenyewe hakukujua.

Habari zikamkuta Kitale.

Alikuwa amepeleka mbolea, anapumzika kivulini, mzee mmoja mrina asali alipomkaribia na kibuyu chake. Mzee alikuwa mtu wa Mlima Elgon, ametoka msituni kuja kuuza asali. Akauliza kama dereva anafika Malaba. Protus akasema ndiyo. Mzee akaketi. Akaeleza kwamba watu wa Uganda wanavuka mlima kwa miguu, wanakimbia, na kwamba mmoja aliachwa na wenzake katika mapango yale ambayo tembo huingia kulamba chumvi. Ni mgonjwa, mguu umeoza. Hataki kushushwa kwa sababu anaogopa kurudishwa alikotoka. Ni mwalimu aliyetoroka kwa askari, anaitwa Ekisa, na analo ombi moja tu: mkewe, ambaye amesikia yuko Malaba, ajulishwe.

"Nitamwambia," Protus alisema.

Hakumwambia. Alipofika Malaba alimkuta Alaso amesuka nywele upya, naye akamwonyesha kitambaa cha gomesi aliyokuwa anaishona kwa ajili ya siku ya wazee. Maneno yakamkwama. Akajiambia kwamba kina Ekisa ni wengi katika nchi ya Wateso. Akajiambia atasema kesho. Jumapili moja ikapita, na nyingine, mahindi yakavunwa, naye bado anajiambia. Akawa halali vizuri. Aliendesha lori vibaya mpaka akagonga ukingo wa daraja.

Kilichomshinda ni misa. Alaso alimwambia kwamba ameongea na padri. Kabla wazee hawajaja anataka kumwombea Ekisa misa ya marehemu, ili amwachilie kwa heshima, na yeye mwenyewe aachiliwe.

Kumficha mtu ni jambo moja. Kumzika akiwa hai ni jingine.

"Usimwombee," Protus akasema. "Yuko hai. Yuko Mlima Elgon, ndani ya pango. Kuna mzee mrina asali amemwona."

Alaso hakuuliza habari hizo ni za lini, na Protus hakusema.

"Utanipeleka?" akauliza.

"Nitakupeleka."

Walifika Endebess asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili, wakaliacha lori kwa mtu ambaye Protus alimjua, wakamkuta mrina asali kwake ukingoni mwa msitu. Alaso alikuwa amevaa sweta ya Benedetta, suruali ya Protus chini ya gauni, na viatu vya raba vilivyokwisha visigino. Mgongoni alibeba unga, dawa na blanketi. Mzee akatangulia na panga lake.

Msitu ule ulikuwa wa miti mikubwa isiyokumbatika hata na watu wanne, mashina yamevaa kuvu kama manyoya. Mbega walirukaruka juu, mikia yao myeupe ikining'inia. Njia yenyewe ilikuwa ya nyati, samadi bado ina mvuke, na mzee aliwasimamisha kila mara kusikiliza. Jasho liliwatoka na bado hewa ilikuwa baridi. Alaso alipanda kama aliyekuwa akisukumwa. Protus alimshika mkono penye utelezi naye akamwacha amshike, na kwa saa kadhaa walikuwa kama wapenzi wa kawaida waliokuja kutalii.

Walipokaa kunywa maji, mzee alimgeukia Protus na kusema, bila ubaya wowote, "Umechelewa, kijana. Siku ile nilipokupa habari Kitale mahindi yalikuwa bado mabichi. Nilidhani utamleta wiki ileile."

Alaso aliiteremsha chupa ya maji kutoka mdomoni.

"Mahindi mabichi," akarudia.

"Alaso, nisikilize."

"Nilipokuonyesha kitambaa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakupiga kelele. Aliinuka, akajifunga blanketi mgongoni, akamwambia mzee waendelee. Tangu hapo hakumpa Protus mkono tena, hata walipovuka kijito juu ya gogo lililooza.

Pango la kwanza walilikuta tupu. Maji yalidondoka kama pazia mlangoni, na ndani kuta zilikuwa zimechimbwa kwa pembe za tembo, mikwaruzo mirefu kwenye mwamba wenye chumvi. Palikuwa na jivu na mabaki ya kiazi. Mzee akachunguza, akasema askari wa mbuga huenda walipita karibu, mgonjwa akaogopa akajikokota juu zaidi, kwenye pango dogo ambalo yeye mzee alilijua. Wakalala hapo, kila mtu pembe yake, na alfajiri wakaingia kwenye mianzi.

Mianzi ilikuwa imesongamana, inalia upepo ukiipita. Ilipokwisha, msitu ukaisha ghafla, wakatokea kwenye nyasi ngumu na mimea ya ajabu iliyosimama kama watu waliojifunika mablanketi. Pumzi zikawa fupi. Ukungu uliwafunika, ukawafunua, na ulipowafunua Protus aliona kilele cha mwamba juu yao na nyanda za Kenya chini, mbali, zenye rangi ya mavuno. Alaso alikuwa anayumba. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mzee akasema mwanamke apumzike na yeye amwashie moto, kijana aende peke yake, pango ni lile pale chini ya jabali.

Protus akaenda.

Mlango ulikuwa mwembamba, akainama. Mwanzo hakuona kitu, akasikia harufu. Kisha akamwona mtu amelala kwenye majani makavu, amejifunika koti la mvua, ndevu zimemfika kifuani, macho ameyafumba. Mguu mmoja ulikuwa umevimba kama gogo. Alikuwa anapumua. Hakuwa na nguvu ya kuita mtu, na hakuna mtu aliyejua kwa hakika yuko hapo; hata mzee aliyekuwa anawasha moto mbali, nyuma ya ukungu, alikuwa anakisia tu.

Protus akatoka nje. Akasimama.

Neno lilikuwa fupi tu: hayupo. Angelisema na wote wangeshuka. Mzee angesikitika. Baridi ya usiku mmoja mwingine ingemaliza kilichobaki. Alaso angelia, angemkasirikia, na siku moja hasira ingechoka. Protus alisimama akiutazama ukungu ukipita chini yake kama maji. Hakujua amesimama muda gani. Alijua tu kwamba baadaye alijikuta amepiga magoti ndani ya pango, anampitisha yule mtu mikono mabegani.

"Mwalimu, shika shingo yangu," akamwambia. "Shika kwa nguvu."

Alikuwa mwepesi kama mtoto. Alaso alipowaona wakitokea kwenye ukungu alisimama, akaja akianguka na kuinuka. Alimshika mumewe uso kwa mikono miwili, akaongea naye Kiteso kwa sauti ya chini. Protus alisimama vilevile, yule mtu mgongoni mwake na machozi ya yule mtu yakimlowesha shingo.

Alimbeba kushuka nyasi zile, akambeba ndani ya mianzi, akambeba penye utelezi ambapo mzee alitangulia kumkatia hatua kwa panga. Mwepesi aligeuka mzito, na mzito akageuka jiwe. Mabega yalichubuka yakatoa damu. Alaso alifuata nyuma ameshika blanketi lisianguke, na kila Protus alipotaka kugeuka kumwona, aliusikia ule ukimya akaacha kugeuka. Wakashuka hivyo mpaka Endebess, na kwa lori mpaka hospitali ya Kitale. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu wangeleta maiti. Mguu wenyewe, akaongeza, ungepona wote kama angeletwa mapema. Sasa atachechemea maisha yake.

Alaso alitoka nje mpaka lilipoegeshwa lori.

"Asante kwa kumbeba," akasema. "Usinipigie simu tena."

Alipiga, bila shaka. Alipiga kutoka Nakuru, kutoka Kisumu. Mzee Jamiru alipokea kila mara.

"Anasema hayupo."

"Amekwambia nani, mzee?"

"Yeye mwenyewe. Yuko hapa, anasema hayupo." Kisha, kwa sauti ya upole ambayo Protus hakuwahi kuisikia kwake, akaongeza, "Mwanangu, mume yuko ndani kwa Benedetta, anajifunza kutembea. Wacha simu yangu ipumzike."

Protus akaomba apewe njia nyingine. Akawa anakwenda Mombasa, akakaa miezi bila kuiona Malaba. Wazee wake Nambale waliuliza safari yao imeishia wapi. Akawaambia imekufa.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, redio ikatangaza kwamba serikali ya Kampala imeanguka. Baada ya majuma machache kazi ilimrudisha Malaba akitaka asitake, maana kila lori lilihitajika kupeleka chakula na sabuni ng'ambo. Barabara ilijaa watu waliokuwa wanarudi kwao, magodoro vichwani, kuku mikononi. Protus alikuwa ameketi kwenye usukani foleni iliposimama, akamwona mtu anakuja akichechemea na fimbo, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe na mkoba begani. Hakumtambua mpaka alipoweka mkono mlangoni, juu ya jina.

"Protus wa Nambale," yule mtu akasoma. "Nimekutafuta. Mimi ni Ekisa."

Protus akashuka. Wakasimama kati ya malori mawili, moshi ukiwapuliza.

"Ninarudi Tororo," Ekisa alisema. "Shule inafunguliwa. Nilimwomba Alaso twende wote. Ameniambia haji. Nikamuuliza ni kwa sababu ya mguu, akasema hapana. Nikamuuliza ni nani. Hakutaka kusema, lakini nilimbana, akasema ni wewe." Akanyamaza kidogo. "Mimi nimekuombea kila siku, unajua? Kila siku. Ningejua, pale mlimani, ningekuambia uniweke chini."

Protus aliinamisha kichwa. Angeweza kuliacha neno hilo liishie hapo.

"Mwalimu, mimi nilijua," akasema. "Nilijua wewe ni nani tangu mahindi mabichi, nikanyamaza. Mguu wako ni deni langu. Na pale pangoni nilikukuta, nikatoka nje. Nilitaka kwenda kumwambia Alaso kwamba hayupo mtu."

Ekisa akaegemea fimbo yake.

"Nilikuona," akasema. "Nilifumbua macho nikaona mtu amesimama mlangoni, amenipa mgongo. Nilidhani unasali."

Foleni ikasogea. Honi zikalia nyuma yao. Ekisa akarekebisha mkoba begani. Akaenda zake kuelekea kizuizi cha mpakani, fimbo ikigonga lami, na Protus akamtazama mpaka magodoro ya watu yakamfunika.

Alimkuta Alaso nyuma ya duka la Jamiru, ameinama kwenye kazi. Alikuwa amekonda. Alipomwona hakusimama, ila shazia yake ilisimama.

"Amekuona?" akauliza.

"Ameniona. Nimemwambia yote."

"Yote?"

Basi Protus akaeleza na lile la mlangoni mwa pango, ambalo Alaso hakuwa analijua. Alaso alisikiliza hadi mwisho. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Siwezi kukuambia nimelisahau la kwanza," akasema, "na sasa umeniletea la pili. Usidhani nimekataa kwenda kwa ajili yako tu. Ekisa alipolala kwa Benedetta nilimwosha kidonda, nikamlisha, nikamfundisha kutembea. Nilifanya kwa moyo wote. Lakini kila siku nilikuwa muuguzi, sikuwa mke. Ningemfuata Tororo ningemwibia maisha yake. Hilo nimeliona mwenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe nakukasirikia. Nimekukasirikia miezi yote hii, na kila Jamiru alipoinua simu nilikimbia kuja kusema sipo." Akachomeka shazia kwenye turubai. "Mtu anakimbia hivyo kusema hayupo?"

Protus alichuchumaa mbele yake, vumbi na matope na yote. "Nataka kukuoa, Alaso. Sina maneno mengine. Sitakuficha kitu tena, hata kiwe cha kuniua."

Nje wapagazi walikuwa wanaimba.

"Kwanza tutakwenda Tororo," Alaso akasema. "Kwa mama yake Ekisa. Niliingia nyumba ile kwa mlango, watu wakiona. Nitatoka kwa mlango. Na wewe utakuwepo, ujue unachokichukua kimetoka wapi. Ukiweza hilo, walete wazee wako."

Walivuka Jumamosi iliyofuata. Nyumba ilikuwa ya matofali, nusu ya mabati yameng'olewa na askari waliokimbia. Ekisa aliwapokea uani, akampa Protus mkono, wala hakuukaza wala hakuulegeza. Mama yake alikuwa mwembamba, amefunga kichwa kitambaa cheusi alichokivaa kumlilia mwanawe na asichokivua hata alipomwona amerudi. Alaso alipiga magoti mbele yake, akasema alichokuja kusema, kwa Kiteso, taratibu, bila kuruka neno. Yule mama alisikiliza akitazama chini.

Alipomaliza, mama akauliza kwa Kiswahili ni yupi aliyembeba mwanangu.

"Ni mimi, mama," Protus akasema.

Akamwita karibu. Akamshika mabega, akayapapasa kwa vidole vigumu, akayakuta makovu chini ya shati, na vidole vikatulia hapo.

"Umenirudishia mmoja," akasema, "na unaniondolea mmoja."

Ekisa akaingia ndani akichechemea, akatoka na kigoda, akakiweka karibu na Protus. Protus akakaa. Alaso alikuwa bado amepiga magoti, na yule mama akamwambia inuka, mwanangu, ukaweke maji ya chai motoni, wageni hawa wametoka mbali.